Krosimemba na ami za nyuma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye magari Tanga wanaotaka kufanya kazi hii nyumbani

Krosimemba ya nyuma, au sabufremu, ni fremu ya chuma inayofungwa chini ya bodi kwa bolti kubwa, mara nyingi nne. Yenyewe ndiyo inayoshika ami zote za nyuma (mikono ya chuma inayounganisha tairi na fremu) na stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona), na kwa gari linalosukumwa na tairi za nyuma hubeba na difu, yaani gia inayogawa nguvu kwa tairi mbili. Majibu yaliyo hapa ni kwa magari yenye ami nyingi nyuma: Mark X, Crown, Harrier, Forester na jamii yake. Anayeweza kubadilisha pedi za breki na shokapu bila kuita fundi ataiweza kazi hii ya kubadilisha krosimemba na ami, mradi asiwe na haraka.

Nina IST. Nayo ina krosimemba ya nyuma?

Hapana, kama ni ile ya kuvutwa na tairi za mbele tu. IST, Vitz na Premio za namna hiyo zina boriti moja nyuma, imefungwa kwa bushi mbili (viungo vya mpira ndani ya ganda), basi. Ikigonga nyuma, kagua bushi hizo mbili na shokapu.

Kwa nini hapa Tanga vyuma vya chini vinaoza mapema hivi?

Chumvi huvuta unyevu. Ikishatua kwenye chuma, chuma hakikauki sawasawa hata miezi ya jua kali. Usiku hewa ikipoa tu, kinalowa tena. Gari linalolala Raskazone, Sahare au Mwambani, upepo unaliletea chumvi hiyo mlangoni bila gari kukanyaga maji ya bahari.

Kuna mambo mawili ambayo watu hawayatilii maanani. Kwanza, magari mengi ya mtumba yametumika Japani, na kule kaskazini wakati wa theluji barabara humwagiwa chumvi. Gari la namna hiyo linashuka meli na kutu yake. Kupakwa rangi nyeusi chini kabla ya kuuzwa kunaificha tu. Pili, gari linalobeba samaki kutoka soko la Deep Sea. Maji ya barafu yaliyochanganyika na chumvi hupenya chini ya zulia la buti na kuishia juu ya krosimemba, palepale usipopaona.

Nayo kutu hii huanzia ndani. Krosimemba ni mabati mawili yaliyochomelewa pamoja na kuacha uwazi katikati. Mchanga na maji vikiingia kwenye matundu yake hukaa humo, kwa hiyo unapoona kutu nje, bati limeshaliwa nusu.

Nitajuaje kwamba ni krosimemba au ami, na si shokapu?

Shokapu iliyokufa inafanya gari liendelee kudunda baada ya tuta. Bushi za ami zikifa, sehemu ya nyuma ya gari huyumba: ukiongeza mafuta linavuta upande huu, ukiachia linarudi upande ule. Tairi za nyuma huliwa ukingo wa ndani. Mlio wa "tok" moja unapobadilisha gia ya kwenda mbele na ya kurudi nyuma mara nyingi ni bushi za krosimemba au za difu. Mlio mwepesi wa "katakata" kwenye barabara ya vumbi kwa kawaida ni linki za stabilaiza, nazo ni kazi ya nusu saa; anza nazo kabla hujaagiza vitu vikubwa.

Kwa krosimemba yenyewe, ingia chini na nyundo ndogo na bisibisi ya zamani. Gonga polepole kuanzia katikati kuelekea masikio yanayoshika ami. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kibubu, kama unagonga debe lenye mchanga. Penye kibubu, kandamiza bisibisi kwa nguvu ya mkono. Ikizama au bati likimeguka kama magamba, umepata jibu. Kagua zaidi mshono wa chini na sehemu iliyo chini ya bolti zenyewe.

Si bora nichomelee kiraka?

Sehemu bapa ya katikati, mbali na masikio ya ami na matundu ya bolti, fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuiziba ikakuvusha miezi kadhaa. Penye sikio la ami, hapana. Bati pale ni jembamba, joto linalivuta, na sikio likisogea milimita tatu tu alaimenti (mpangilio wa pembe za tairi) haitakaa tena. Kuna na lingine: moto unaunguza rangi ya ndani ambayo hutaweza kuirudishia, na mwaka unaofuata kiraka kitabaki kimening'inia kwenye kutu mpya. Ukilazimika kuchomelea, toa kwanza waya hasi wa betri, na usikubali moto karibu na tangi la mafuta likiwa limefungwa garini.

Ninunue mpya au ya mtumba?

Krosimemba ya mtumba inafaa, ami za mtumba hazifai. Krosimemba ni chuma. Ikiwa nzima utaiona kwa macho na nyundo. Ami ina bushi za mpira, na bushi iliyokaa miaka kumi na tano kwenye gari lingine imebakiza siku chache. Utalipa jasho mara mbili.

Unapoagiza Gerezani au Kariakoo, usiseme "Mark X" tu. Soma kodi (namba) ya modeli kwenye kibati cha gari: GRX120 ni ya lita 2.5, GRX121 ni ya lita 3.0, GRX125 ni ya kusukuma tairi zote nne. Mpelekee muuzaji kodi hiyo na picha ya krosimemba yako ikipigwa kutoka chini. Ikifika, kabla ya kulipa, pima mshazari: tundu la bolti la mbele kulia hadi la nyuma kushoto, kisha la mbele kushoto hadi la nyuma kulia. Vipimo vikipishana kwa zaidi ya milimita 3, imetoka kwenye gari lililopigwa nyuma. Irudishe.

Niandae nini kabla ya kuanza?

Spea: krosimemba, ami zote za pande mbili (usibadilishe upande mmoja), linki mbili za stabilaiza, bolti za kemu pamoja na washa na nati zake, na nati mpya za ami. Bolti za kemu ni zile zenye washa ya duara isiyo sawa, zinazotumika kurekebisha alaimenti. Watu huziacha kwenye orodha ili kuokoa hela, na ndizo zinazoharibika karibu zote. Gari likishakuwa juu bila bolti hizo, utasubiri basi la kutoka Dar.

Vifaa: jeki ya magurudumu ya tani 2 au zaidi, na ya pili ya kusaidia, stendi mbili madhubuti, nne ni bora, soketi 12, 14, 17, 19 na 22 za pembe sita, maana za pembe kumi na mbili zinakula vichwa vya bolti zenye kutu, spana ya paipu ya breki namba 10, mpini mrefu wenye bomba la kuongezea, grainda na diski nyembamba za milimita 1, brashi ya waya, waya laini wa kufungia, rangi ya kuwekea alama, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza). Miwani pia. Ukilala chini ya gari la Tanga, kutu ndiyo inayokuja machoni kwanza.

Uani kwangu ni mchanga. Naweza kupandisha gari?

Si moja kwa moja. Miguu ya stendi inazama taratibu, na inazama upande mmoja kabla ya mwingine. Weka chini ya kila stendi ubao mgumu wa unene wa sentimita 5 na upana wa kama 40 kwa 40, au bati nene la chuma. Jeki nayo inataka mbao mbili zilizoungana, la sivyo magurudumu yake hayatatembea, na jeki isiyotembea huvutwa na gari na kuinama. Matofali ya saruji usiyatumie hata kwa dakika moja. Hupasuka bila kuaga.

Stendi ziwekwe chini ya bodi, mbele ya tairi za nyuma, pale penye mkunjo ulioimarishwa kwa ajili ya jeki. Kosa la kila mara ni kuweka stendi chini ya krosimemba yenyewe, kisha mtu anakuja kufungua kitu kilichobeba gari. Tairi za mbele ziwekewe vigingi mbele na nyuma, kwa sababu hendibreki ya nyuma haitakuwepo.

Bolti zimeganda kabisa. Nifanyeje?

Hapa ndipo kazi inaposhindika au kufaulu, na maandalizi yake huanza siku tatu kabla. Safisha nyuzi zinazoonekana kwa brashi ya waya, kisha pulizia mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni. Oili ya gia otomatiki ikichanganywa nusu kwa nusu na asetoni inapenya vizuri, lakini inashika moto. Usiitumie mahali utakapopeleka moto baadaye.

Bolti kubwa za krosimemba zinaingia kwenye nati zilizofichwa ndani ya bodi. Nati hiyo ikizunguka au bolti ikikatikia ndani, itabidi sakafu ya buti ikatwe dirisha. Kwa hiyo usilazimishe. Kaza kidogo kwanza mpaka usikie "tak", ndipo ulegeze robo mzunguko, rudisha, pulizia, legeza nusu, rudisha tena. Mkono ukihisi bolti imekuwa laini kama ugali bila kutoka, acha: inajinyonga. Ipashe moto kiasi, au mwite mwenye gesi, baada ya tangi kuhamishwa au kukingwa.

Bolti za ami zina ugonjwa mwingine. Hazigandi kwenye nati, zinagandana na bomba dogo la chuma lililo katikati ya bushi. Utaona nati imetoka vizuri, lakini bolti ukiizungusha mpira wote unajipinda na kurudi. Usipoteze saa mbili hapo. Ami inatupwa na krosimemba inatupwa: ingiza diski ya milimita 1 kati ya bushi na sikio, kata bolti pande zote mbili. Dakika kumi. Upande wa habu (kitovu tairi inapofungwa) uwe mwangalifu zaidi, maana ile nako, chuma kinachobeba habu, inarudi kazini. Pale kata kwa msumeno wa mkono na uiache nako bila jeraha.

Hatua zenyewe zinakwenda vipi?

Kabla tairi hazijaacha ardhi, pima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa madigadi juu yake, kila upande, na uandike. Tuseme ni sentimita 37. Namba hiyo utaihitaji mwishoni, na ukishapandisha gari huipati tena.

Piga picha bolti za kemu na uhesabu kemu inaelekeza mstari wa ngapi. Alama ya rangi haitoshi hapa, kwa sababu itaondoka na krosimemba ya zamani. Kwa ami inayorefushwa, pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu na uiweke mpya kwa urefu huohuo.

Kisha:

1. Legeza nati za tairi, pandisha gari mpaka chini kuwe na nafasi ya sentimita 50 hivi, weka stendi, toa tairi. Tikisa gari kwa nguvu kabla hujaingia chini.
2. Toa mafla ya nyuma. Mipira yake ipake maji ya sabuni, itateleza.
3. Fungua kalipa na uzifunge kwa waya kwenye bodi. Zisining'inie kwa hozi; hozi inakatika ndani na nje huoni kitu. Ukifanya hivi huhitaji kufungua mafuta ya breki, isipokuwa gari lako lina paipu ya chuma iliyobanwa kwenye krosimemba kiasi cha kutopita.
4. Chomoa kebo za hendibreki. Sensa za ABS ziache kwenye habu, zimegandana nazo na zitavunjika. Chomoa plagi zake upande wa bodi.
5. Kwa gari lenye difu nyuma, tia alama ya rangi kwenye flanji mbili za propela shafti, fungua bolti zake nne, ifunge juu kwa waya. Ikirudishwa bila kufuata alama inaweza kuleta mtetemo kwenye mwendo mkubwa.
6. Fungua shokapu kwa chini.
7. Weka jeki katikati ya krosimemba na ubao juu yake, jeki ya pili chini ya difu. Mzigo huu ukiwa na difu na habu zake hupita kilo 80, na hauko sawa pande zote. Awepo mtu wa pili wa kuushika, na wa kutazama juu kama kuna waya uliosahaulika.
8. Toa bolti kubwa, shusha sentimita 10, simama, kagua. Kuna paipu moja au waya mmoja utakuwa umebaki. Endelea kushusha, vuta nje.

Uhamishaji wa difu, habu na stabilaiza kwenda krosimemba mpya ufanyike nje, umesimama. Wakati wa kurudisha, tafuta matundu ya kulengeshea karibu na bolti. Pitisha chuma cha mviringo kinachoenea tunduni ili krosimemba ikae pale kiwanda kilipoikusudia. Anza bolti zote kwa vidole, angalau nyuzi tano kila moja, kabla ya kukaza hata moja. Bolti kubwa za krosimemba unaweza kuzikaza kabisa gari likiwa juu. Za ami, acha ziwe zimeshika tu.

Kwa nini bolti za ami zisikazwe gari likiwa juu?

Bushi ya ami haizunguki kama beringi. Mpira umegundishwa kwenye bomba la ndani na kwenye ganda la nje, na ami inapopanda na kushuka ni mpira wenyewe unaojinyonga. Ukikaza bolti habu ikiwa inaning'inia, unauambia mpira kwamba hapo ndipo nyumbani. Gari likishuka chini, kila bushi inabaki imenyongwa saa zote, hata limeegeshwa. Gari litakaa juu kidogo, utafurahi kwamba springi zimepona, na baada ya miezi michache bushi mpya zimechanika. Ami nyingi zinazoitwa "feki" zimekufa kwa sababu hii.

Namna ya kufanya: weka jeki chini ya habu, pandisha mpaka umbali wa katikati ya habu hadi madigadi ufikie ile sentimita 37 uliyoandika. Gari likianza kuinuka kwenye stendi kabla ya kufika, weka mtu au magunia mawili ya mchanga kwenye buti. Sasa kaza bolti zote za ami za upande huo. Hamia upande wa pili.

Springi zangu zimekaa peke yake, haziko kwenye shokapu. Kuna tofauti?

Kubwa. BMW E46 na Mercedes W203 ni za namna hii: springi imebanwa kati ya ami ya chini na bodi. Ukifungua bolti ya ami bila jeki chini yake, springi itaruka. Jeki ishike ami, bolti itoke, jeki ishushwe polepole mpaka springi ilegee yenyewe, na usikae mbele yake. Kwa E46, ukishatoa krosimemba chunguza pia bati la bodi penye bolti. Gari hilo linajulikana kwa kupasuka pale, na krosimemba mpya haitibu bodi iliyopasuka.

Sina toki renchi. Nikaze kwa mkono?

Vipimo sahihi viko kwenye kitabu cha gari lako, na hutofautiana bolti kwa bolti. Nati za tairi za Toyota nyingi ndogo ni newton mita 103. Ukikosa kifaa, chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Ifunge kwenye mpini wa spana sentimita 50 kutoka katikati ya bolti, vuta kwa pembe mraba. Ikisoma kilo 20, umekaza karibu newton mita 98. Si maabara, lakini inashinda kukisia kwa bega.

Bushi zinaingia kwa nyundo?

Zinaingia zikiwa zimepinda. Tumia fimbo ya nyuzi ya M14 au M16, washa nene na kipande cha bomba kama presi. Lainisha kwa maji ya sabuni, si grisi ya kawaida. Grisi hiyo huvimbisha mpira. Bushi nyingine zina uwazi upande mmoja, kwa hiyo weka alama ya mwelekeo kabla ya kutoa ya zamani.

Alaimenti ni lazima? Nilifuata alama zote.

Ni lazima. Alama zinakufikisha kwenye mashine bila kula tairi, basi. Dalili ya kwanza ni usukani: tairi za nyuma zikielekea pembeni, gari litakwenda sawa huku usukani umelala upande. Usikubali fundi akurekebishie usukani kwa tai rodi za mbele, yaani fimbo zinazogeuza tairi. Mwambie aanze nyuma. Akisema nyuma hakurekebishiki wakati bolti za kemu unazo, tafuta mwingine.

Nimefunga kila kitu, bado kuna mlio.

Fuata mfuatano huu: linki za stabilaiza ambazo hazikukazwa, mafla inayogusa krosimemba, kingio la vumbi la diski lililopinda na kukwaruza, bolti ya chini ya shokapu. Taa ya ABS ikiwaka, rudi kwenye plagi za sensa. Mlio wa mpira unaokwaruzana gari likipanda tuta mara nyingi unasema bushi zilikazwa zikining'inia: legeza, shusha kwenye kipimo, kaza upya.

Bolti zote zipitiwe tena baada ya kilomita kama 100. Muheza na kurudi, na mizunguko ya mjini, inatosha.

Nipake oili chafu ya injini ili isioze tena?

Inazuia kutu kweli, lakini inavimbisha bushi ulizonunua juzi, inarukia diski na inashika mchanga. Afadhali hivi: kabla ya kufunga, osha krosimemba, ikauke, paka praima ya zinki kisha rangi ya chasisi, na ndani ya uwazi puliza nta ya kuzuia kutu kupitia matundu yake. Matundu ya chini ya kutolea maji usiyazibe. Nyuzi za bolti za kemu na washa zake zipakwe grisi ya shaba kidogo. Nyuzi za bolti kubwa ziache kama kitabu kinavyosema, maana grisi hubadilisha nguvu ya kukaza. Baada ya hapo, maji baridi yasiyo ya chumvi chini ya gari kila wiki, na siku hiyohiyo ukitoka ufukweni.

Itachukua siku ngapi?

Gari la bara lisilo na kutu, siku moja ndefu kwa watu wawili. Gari lililokaa pwani, hesabu mbili hadi tatu, na ya kwanza yote ni bolti. Epuka masika kama huna banda.

Krosimemba ya zamani niiuze chuma chakavu?

Subiri alaimenti ipite kwanza. Utakuja kugundua kishikizo cha waya wa ABS au kipande cha kubania paipu ya breki bado kimo kwenye ile ya zamani.